Mume wangu anashuku nina mtu, kumbe ninachoficha ni kitabu

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Naomba usitaje jina langu, na naomba uisome mpaka mwisho kabla hujanijibu, maana ukiishia katikati utadhani nakutania.

Nina miaka 41. Ni mhasibu. Niko kwenye ndoa mwaka wa 16 sasa, na tumejaliwa watoto wawili, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka tisa. Mume wangu si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, halali nje. Wanaotuona husema wale wanaishi vizuri, na sina la kuwapinga.

Miezi mitano iliyopita binti yangu alirudi na kitabu alichoazimwa na mwenzake. Jalada jeusi, na mikono miwili myeupe imeshika tufaha jekundu. Ni Twilight, cha Stephenie Meyer. Nilikuwa nimesikia kwamba ni habari za msichana wa shule aliyependana na vampaya, mfu anayeishi kwa kunyonya damu, nikaona ni wajibu wangu kama mama kukipitia kwanza. Nikamwambia, "Niachie usiku wa leo nikiangalie." Niliketi nacho saa tatu. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa na nusu, miguu imekufa ganzi na taa ya sebuleni ndiyo pekee iliyokuwa inawaka nyumba nzima.

Asubuhi nikamrudishia, nikamwambia hakina ubaya. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshavuka ukurasa wa 300, wala kwamba mchana wake, nikiwa kazini, nilijinunulia nakala yangu ya kwenye simu.

Tangu hapo, Mama, nimesoma vyote vinne vya mfululizo ule, nikavirudia, kisha nikasoma Midnight Sun, kile kilichotoka 2020 ambamo hadithi ileile inasimuliwa na yule kijana mwenyewe, Edward. Vilipokwisha nikahamia vya waandishi wengine wa mambo hayohayo. Vingine ni vibaya, hata mimi naona ni vibaya, na bado nilivimaliza. Halafu narudi kwenye kile cha kwanza.

Nasoma usiku. Mwanga wa simu naupunguza mpaka mwisho, nalala ubavu nikitazama ukuta, mume wangu akijigeuza nazima. Siku nyingine najifungia chooni, nafungulia maji yatiririke ili isionekane nimekaa bure humo ndani. Napata usingizi wa saa nne tu kwa usiku, siku nyingine tatu. Mwezi uliopita hesabu za kampuni zilikataa kulingana. Tofauti ilikuwa 27, na mhasibu akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa anajua mahali pa kuanzia kutafuta: kuna mtu amegeuza tarakimu. Tulitafuta siku mbili. Mtu huyo alikuwa mimi, 69 nimeiandika 96. Kwa miaka 15 ya kazi sijawahi kufanya kosa la aina ile likapita mikononi mwangu.

Binti yangu mwenyewe alishaachana navyo. Cha pili alikiacha njiani, pale Edward anapoondoka na kurasa zinabaki na majina ya miezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Alisema yule msichana, Bella, anajiharibia maisha kwa ajili ya mvulana. Mimi kwenye kurasa zile tupu ndipo nilipolia. Juzi akanikuta na simu jikoni, akachungulia, akasema, "Mama, bado uko huko?" Alicheka kidogo tu, bila ubaya wowote, lakini uso uliniwaka moto.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Jumamosi moja, saa nane za usiku, nilikuwa nasoma na nadhani nilitabasamu. Nikasikia sauti ya mume wangu gizani:

"Ni nani?"

"Nani nani?" nikamjibu.

"Huyo anayekuchekesha saa hizi."

Nikamwambia ni mambo ya kazi. Hakusema neno tena. Akanipa mgongo, na najua hakupata usingizi, kwa sababu akilala hukoroma kidogo na usiku ule hakukoroma.

Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto tu. Simu yangu ikilia, yeye ndiye anayeitazama kwanza. Wifi yangu amenipigia kuniuliza kama nyumbani kuna amani.

Nikisema ukweli, ataamini? Kwamba mke wake, anayeaminiwa na hesabu za watu, anajificha chooni kwa ajili ya mapenzi ya vampaya na mwanafunzi? Na akiamini, ataniona mtu wa namna gani? Yule Edward ana miaka 17. Mimi nina binti wa miaka 15. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote.

Kuna sehemu moja nimeirudia nadhani zaidi ya mara 20. Si ya mabusu. Ni ile siku Edward anamuuliza Bella maswali kutwa nzima, kuanzia asubuhi kwenye gari. Rangi gani unaipenda, muziki gani, vitabu gani, huko ulikotoka kukoje. Vitu vidogo visivyo na maana. Nikifika pale machozi yanatoka na sijui ni ya nini. Mimi nilipokuwa na miaka 17 mama yangu alikuwa ameshafariki, nilikuwa nalea wadogo zangu watatu, sikuwa na nafasi ya mambo ya wavulana. Kwa hiyo si kwamba kuna kitu nakumbuka.

Je, mimi ni mgonjwa? Nimwambie mume wangu, au niviache kimyakimya yaishe?

Mama Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sikudhani unatania hata kwenye mstari mmoja. Mtu hatafuti kosa la tarakimu siku mbili, akagundua ni lake, halafu akaja kwangu kufanya mzaha.

Ngoja nikuambie nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Umependa vitabu ambavyo unaamini mtu wa rika lako hapaswi kuvipenda. Kwa aibu hiyo ukavisoma kwa kificho. Kificho kikakunyang'anya usingizi, usingizi ukakuharibia kazi, na mumeo naye, aliyeona dalili zote za mke mwenye siri, akaipa siri hiyo jina ambalo mwanamume yeyote angeipa. Unaniuliza habari za kitabu, lakini nikisoma naona mambo matatu yamefungwa kamba moja: kitabu, kificho, na yale machozi. Nitayafungua moja moja, kisha tuone lipi linahitaji mkono wako.

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyoyazaa mengine. Unadhani uko peke yako. Mwaka 2012 kampuni ya utafiti wa soko la vitabu ya Bowker, huko Marekani, ilitoa matokeo kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wa miaka 30 hadi 44. Wengi wao walisema wananunua ili wasome wenyewe, wala si kwa ajili ya watoto. Rika lako hilo, mwanangu. Wakati wa vuguvugu la Twilight kulikuwa na akina mama watu wazima waliojikusanya kwa jina la mama wa Twilight, hadharani, wakienda kuziona filamu zake pamoja na binti zao.

Na mwandishi je? Stephenie Meyer amesimulia kwamba hadithi ilimjia ndotoni, tarehe 2 Juni 2003, akaona msichana na vampaya wakizungumza katika uwanda wenye nyasi. Wakati huo alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto watatu wadogo wa kiume, anashinda nyumbani nao. Aliandika sana usiku, watoto wakishalala. Na amesema hadharani kwamba mwanzoni alimficha mumewe, akihofia ataona mkewe amerukwa na akili. Mume alibaki kushangaa kwa nini mke haongei naye. Nimekusimulia hili kwa sababu unadhani umejipenyeza kwenye chumba cha watoto. Chumba hicho kilijengwa na mama wa watoto watatu, usiku, kwa siri, akiwa na hofu ileile uliyonayo wewe.

Kuhusu miaka 17 sitalipita juu juu, maana umesema ndilo linalokutafuna. Jiulize kwa uaminifu: unaposoma, umesimama wapi? Umesimama nje, mtu mzima anayemtazama kijana? Au umo ndani ya Bella, una umri wake, na kuna mtu anakutazama wewe? Vitabu vile vinne, kwa sehemu kubwa, vimeandikwa kwa kauli ya Bella mwenyewe, "mimi", na kuhusu sura yake tunaambiwa machache, kiasi kwamba msomaji yeyote anaweza kuingia na kuvaa nafasi ile. Na huyo Edward, unakumbuka, katika hadithi alizaliwa 1901, akageuzwa vampaya mwaka 1918 alipokuwa anakufa kwa homa ya mafua iliyoenea dunia nzima. Mwili ni wa kijana, adabu na subira ni za mtu aliyeishi karne nzima. Kama ungekuwa unavutwa na vijana wa kweli, walio hai, hilo lingekuwa jambo jingine kabisa, la kwenda kwa mtaalamu bila kuchelewa. Barua yako haisemi hivyo. Inazungumzia mtu anayeuliza maswali.

Umeniuliza kama ni mgonjwa. Mimi si daktari wako, lakini nijuavyo, kupenda riwaya hakumo kwenye orodha ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya mwaka 2019 lilitambua uraibu wa michezo ya kompyuta na wa kamari. Kusoma hakumo. Hata hivyo sitaki hilo likutulize kupita kiasi. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, wewe unapata nne, miezi mitano mfululizo. Ubongo uliokosa usingizi hugeuza 69 kuwa 96, huona kila neno la mume kuwa hukumu, na hulia mahali ambapo pengine usingelia. Ukianza kulala na bado ukajikuta huwezi kujizuia, au ukiona huzuni imekaa hata mchana na hamu ya mambo mengine imekutoka, hapo nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili, na umwambie yote uliyoniambia mimi. Atakuwa ameshasikia makubwa zaidi.

Na usijilaumu sana kwa kunogewa, maana vitabu hivi vimeundwa vikunogee. Lugha yetu ina mnyonya damu wake, mumiani, na aliyetishiwa mumiani utotoni hakulala akitamani aje dirishani. Dracula wa Bram Stoker, mwaka 1897, naye alikuwa wa kuogofya. Huyu wako amefungwa breki. Anaitamani damu ya msichana kuliko kitu chochote duniani, na kwa kuwa anampenda anajizuia, ukurasa baada ya ukurasa. Hamu inachochewa na hairuhusiwi kutulia. Msomaji anageuza ukurasa akingoja kitu ambacho mwandishi amekusudia kukichelewesha mpaka kitabu cha nne. Ongeza na ufundi wa kukata sura mahali pa moto, halafu weka vyote ndani ya simu ambayo haina ukurasa wa mwisho unaouona kwa macho ukipungua. Wewe ni mtu wa hesabu, unaona mwenyewe jinsi saa sita zinavyopotea.

Sasa yale machozi. Umeniandikia sentensi moja, halafu ukaharakisha kuifunga: "Kwa hiyo si kwamba kuna kitu nakumbuka." Niruhusu niifungue. Ni kweli mtu hawezi kukumbuka kisichokuwepo. Lakini anaweza kukililia. Ulipokuwa na umri wa Bella ulikuwa mama wa wadogo zako watatu. Nani alikuuliza siku ile rangi unayoipenda? Walikuuliza kama wamebakiziwa chakula, kama sare zimekauka, kama ada imepatikana. Ukatoka hapo ukaingia kazini, ukaingia kwenye ndoa, ukazaa, na maswali yakaendelea kuwa yaleyale kwa sauti nyingine. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu, maana nakujua kwa barua moja tu. Nasema uikalie sentensi ile usiku mmoja, taa ikiwa inawaka, simu ikiwa mbali.

Kuna mtafiti wa Kimarekani, Janice Radway, aliyekaa na wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja, akachapisha aliyoyaona mwaka 1984. Alikwenda akitaka kujua hadithi zenyewe zina nini. Wanawake wale wakamwelekeza kwingine. Walimweleza kwamba kile kitendo cha kuketi na kitabu ndicho kilichokuwa chao: muda ambao hakuna anayewaomba kitu, wao ambao kutwa wanahudumia wengine. Wengine walikuwa na hatia kama yako, na waume walionung'unika. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka kila mwanamke aliyewahi kuniandikia akijiita mvivu kwa sababu amekaa nusu saa. Maji yako yanayotiririka chooni, mwanangu, yamenikaa moyoni. Mtu mzima katika nyumba yake mwenyewe anaona lazima afanye sauti ya shughuli ndipo apate ruhusa ya kukaa.

Nije kwa mumeo. Umeweka njia mbili, kumwambia au kuacha kimyakimya, na unaitazama ya pili kama ndiyo salama. Sina hakika. Ukiacha leo, usiku wa leo hutashika simu, naye ataona kwamba hushiki simu. Mtu anayeshuku huisoma hata nafuu kuwa ushahidi: wameachana, au wamebadili njia. Lile neno "kazi" ulilomwambia litabaki limesimama kati yenu, na wifi ataendelea kupiga simu. Tena utakuwa umeondoa kitabu bila kugusa kilichokupeleka kwenye kitabu. Lakini naelewa pia faida yake: utalala, na ukishalala wiki mbili pengine utakuwa na nguvu ya kuzungumza ambayo leo huna. Kama utaichagua njia hiyo, ichague ukijua kwamba mazungumzo yameahirishwa tu.

Kumwambia nako kuna hatari zake, sitakuficha. Anaweza kucheka, na kicheko hicho kikakuuma kuliko hasira. Anaweza asiamini mpaka umwonyeshe simu, nawe ukaona umekaguliwa kama mtuhumiwa. Anaweza kuamini, akafurahi kwamba hakuna mtu, kisha kesho yake furaha ikageuka maumivu: kumbe mke wangu alikuwa macho pembeni yangu miezi mitano, na kitabu kilimpa tabasamu ambalo mimi sijaliona siku nyingi. Hilo la mwisho ndilo naliona la kweli zaidi, na ndilo linalohitaji utayari. Umesema hajawahi kukuinulia mkono, nami nimelishika neno hilo. Kama kuna hofu yoyote ambayo hukuiandika, basi usizungumze naye mkiwa wawili tu. Mwite mtu mnayemheshimu wote.

Ukiamua kumwambia, nakushauri usianze na kujitetea. Ukianza na "si unavyodhani" atasikia kile anachodhani. Mwonyeshe kitu. Mpe simu mkononi ikiwa imefunguka kwenye ile sehemu ya maswali, umwambie, "Hiki ndicho nilichokuwa nasoma usiku ule. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu." Kisha unyamaze, umwache asome. Kama una moyo zaidi, msomee mwenyewe kwa sauti. Najua ni kazi ngumu kuliko kukiri deni. Lakini machozi yakija mbele yake, utakuwa umemwambia jambo ambalo huwezi kulipanga kwa maneno.

Vitabu vyenyewe sioni kwa nini uvikatie shauri leo. Wapo wanaoacha mara moja wakapumua. Wapo wanaojikatalia wiki, kisha wakarudi kwa njaa mbaya zaidi. Ukitaka kujaribu katikati, toa hadithi hizi kwenye simu, tafuta kitabu cha karatasi chenye jalada lake lile la tufaha, ukisome sebuleni jioni, mbele ya watu wote, na simu ilale chumba kingine. Na usisimame mwisho wa sura. Simama katikati ya sura, kwenye aya ya kawaida ya mtu anayeosha vyombo au anayeendesha gari, kwa sababu mwisho wa sura ndipo ndoano ilipo. Aibu ya kuonekana na jalada lile itakuwaka siku mbili tatu. Baada ya hapo nadhani itachoka yenyewe. Kazini, kama kuna mkubwa wako anayekuamini, hakuna haja ya kumweleza habari za vampaya. Mwambie umekuwa hulali na unalishughulikia, na kwa sasa tarakimu zako zipitiwe na jicho la pili.

Binti yako ananifurahisha sana. Msichana wa miaka 15 aliyezitazama kurasa zile za Oktoba mpaka Januari, akasema huyu anajiharibia maisha, huyo ana macho. Alipokuuliza "bado uko huko?" wewe ulisikia dhihaka. Mimi nasikia mtoto anayetaka kujua mama yake amepata nini mahali ambapo yeye hakupata. Ulikichukua kitabu ili umlinde nacho, na mazungumzo yale hamkuyafanya kamwe. Bado hamjachelewa. Yapo mambo ya kuzungumza. Edward aliingia chumbani kwa Bella na kumtazama akilala, usiku baada ya usiku, kabla msichana hajajua. Katika kitabu cha tatu alichomoa kifaa kwenye injini ya gari lake ili asiende kumwona rafiki yake. Baadaye analegeza, lakini alifanya. Mimi mambo hayo siyapendi, na nitasema wazi kwamba siyapendi hata ndani ya hadithi nzuri. Wewe uliyapita kwa kuwa ulikuwa na kiu, na kiu humfanya mtu asiangalie kikombe. Muulize binti yako yeye aliyaonaje. Kisha umweleze ulichokipenda wewe, hata ile sehemu ya maswali. Atajifunza juu ya mama yake kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kumfundisha.

Nimalizie na lile nililolibakiza makusudi. Umeniambia unalia kwa sababu kuna mtu kitabuni anauliza. Lakini usiku ule, gizani, saa nane, mumeo alikuuliza. "Ni nani?" Lilikuwa swali baya, la mtu aliyeumia, na wewe ulilisikia kama mashtaka. Mimi nililisoma mara tatu. Mtu huyo alikuwa macho. Aliliona tabasamu lako kwenye mwanga wa simu ulioupunguza mpaka mwisho, akataka kujua limetoka wapi. Baada ya hapo hata kukoroma hakukoroma.

Sijui utamjibu lini, wala kwa njia gani. Unamjua, mimi simjui. Ila siku hiyo ikifika, na mkishayamaliza hayo mazito, kuna jambo dogo ningependa ulijaribu, kisha uniandikie. Umeishi na mwanamume huyu miaka 16, naye pia anarudi nyumbani kila siku kwa watu wanaomuuliza kama ada imelipwa. Rangi anayoipenda unaijua?